Soweto: jina la ofisini lililotwaliwa na wenyeji

Kila mara halmashauri inapotaka kubadili majina ya mitaa, hoja huwa ile ile: jina alilotoa mtawala ni doa, tulifute, tuweke la kwetu. Hoja hiyo ina uzito wake, ila inakwama ikifika Soweto. Jina hilo lilipitishwa na maofisa wa Johannesburg wakati Makaburu wakiwa kileleni mwa utawala wao, na tangu uchaguzi wa 1994 uliowaondoa limebaki palepale. Wenyeji wamelishika kama mali yao, na nadhani wana haki.

Soweto ni ufupisho tu wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Manispaa ilianza kulitafuta jina mwaka 1959, ikakaribisha mapendekezo ya watu, na mwaka 1963 ikapitisha hilo. Ni jina la dira na ramani, halitaji mtu wala mto. Kwa ofisa asiyetaka maswali, lilimfaa mno. Watu, hata hivyo, walikuwapo zamani. Mwaka 1904, tauni ilipozuka, wakuu wa mji walichoma makazi ya watu maskini karibu na katikati ya Johannesburg, wakawahamishia Waafrika Klipspruit, jirani na shamba la maji taka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikajengwa Orlando, iliyopewa jina la Edwin Orlando Leake, aliyekuwa meya. Mwaka 1944, nyumba zilipokuwa hazitoshi na wapangaji wamerundikana, James Mpanza aliziongoza familia kutoka Orlando hadi kiwanja kitupu, zikajisitiri kwa vibanda vya magunia. Chama chake kiliitwa Sofasonke, yaani tutakufa sote. Manispaa iliyokuwa haina nyumba za kutoa ikalazimika kuanza kujenga.

Wanaodhani kwamba jina la Kiafrika ni ukombozi tosha waitazame Soweto ya miaka ya 1950. Serikali iliamua kuwapanga watu kwa makabila: Zola na Zondi kwa Wazulu na jamaa zao, Naledi na Tladi kwa Wasotho na Watswana, Chiawelo kwa Wavenda na Watsonga. Majina hayo yote ni ya lugha za Kiafrika, na mengine ni matamu kabisa. Jabulani maana yake furahini. Lakini kazi ya majina hayo ilikuwa kumkumbusha kila mtu kabila lake ili asimsogelee jirani. Mkoloni anaweza kukupa jina la lugha yako na bado likawa kamba ya kukufungia.

Jina lile la dira lilijazwa maana na wakazi wenyewe. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, polisi wakafyatua risasi, na picha ya Hector Pieterson akiwa amebebwa mikononi ikazunguka dunia. Huku kwetu kuna Soweto Mbeya, Moshi, Kayole na Kibera, na Arusha kuna viwanja vya Soweto. Waliokubali kuishi chini ya jina hilo hawakuwa wakimwenzi karani yeyote wa manispaa.

Hapa atatokea mtu aniulize: kama matumizi ndiyo hakimu, mbona Triomf haikubaki? Swali ni zuri. Sophiatown, mtaa ambao Hermann Tobiansky aliuita kwa jina la mkewe, ulianza kubomolewa Februari 1955, wakazi wakapelekwa Meadowlands, ambayo leo ni sehemu ya Soweto. Juu ya kifusi kikajengwa kitongoji cha Wazungu kilichoitwa Triomf, yaani ushindi, na waliohamia hapo walilitumia jina hilo kwa miongo kadhaa. Mwaka 2006 Sophiatown ikarudi rasmi. Sioni mgongano na ninayoyasema. Triomf lilikuwa jina la kushangilia kufukuzwa kwa watu ambao bado walikuwa hai na hawakuacha kuliita kwao Sophiatown. Matumizi ya aliyepora hayawezi kulingana na ya aliyeporwa. Soweto, kwa upande wake, haikufunika jina lolote la wakazi. Orlando, Dube na Mofolo viliendelea kuitwa hivyo ndani yake.

Kuna na njia ya tatu, ya kuongeza badala ya kufuta. Hospitali kubwa ya Soweto ilianza ikiwa ya wanajeshi wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa jina la Baragwanath, mgeni kutoka Cornwall. Mwaka 1997 likatangulizwa jina la Chris Hani, mwanaharakati aliyeuawa mwaka 1993, na la zamani likabakizwa. Wagonjwa, kwa mazoea, husema Bara tu. Kwa hiyo kabla halmashauri zetu hazijapaka rangi vibao vipya, ziulize kwanza mtaani wakazi wanapaitaje na ni nani aliyefukuzwa hapo.