Anayeokota mbwa wa mtaani anakulinda wewe

Bila shaka umewahi kushuka matatu pale Kimbo, Ruiru, au Makongeni, Thika, ukamwona mbwa aliyegongwa na gari akijikokota kando ya barabara. Huenda ulisikitika kidogo, kisha ukashika njia yako. Lakini wapo watu wachache katika miji hii ambao hawapiti. Humfunika mnyama huyo kwa gunia na kumbeba hadi nyumbani. Majirani huwacheka, naye mwenye ploti huwatishia kuwapa notisi.

Maoni yangu ni kwamba watu hawa wanafanya kazi ya kulinda afya ya umma. Yafaa tuwasaidie badala ya kuwabeza.

Tuchukue kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu uligunduliwa nchini Kenya mwaka wa 1912, karibu na Nairobi. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Visa 99 kati ya kila 100 vya binadamu hutokana na mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoumwa sana. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuuangamiza ugonjwa huu kufikia mwaka wa 2030. Silaha kuu ni chanjo: mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Sasa jiulize, ni nani atakayemshika mbwa asiye na mwenyewe ili achanjwe? Ni huyo huyo tunayemcheka. Asubuhi huamka mapema kumpikia ugali na mabaki ya bucha. Humwosha vidonda, humtoa kupe, kisha humpeleka kwa daktari wa mifugo apate chanjo na dawa ya minyoo, na ahasiwe. Akipona, huanza kazi ya kumtafutia makao. Gharama zote hutoka mfukoni mwake.

Wapo wanaodai kuwa dawa ya mbwa wa mitaani ni sumu. Sikubaliani nao. Sumu huua hata mbwa waliochanjwa, na mahali pao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu, hivyo pengo hujazwa upesi. Isitoshe, nyama yenye sumu ikitupwa kichochoroni yaweza kuokotwa na mtoto.

Hata hivyo, huruma bila tahadhari ni hatari. Ukitaka kumsaidia mnyama, zingatia haya:

Usimshike mbwa aliyejeruhiwa kwa mikono mitupu, kwani maumivu humfanya aume hata anayemsaidia. Akiwa anatokwa na udenda, anayumba au ana ukali usio wa kawaida, usimkaribie. Mwite daktari wa mifugo.

Mnyama mgeni mtenge na watoto pamoja na wanyama wengine hadi akaguliwe.

Usimpe paka dawa ya maumivu ya binadamu. Hata tembe moja ya paracetamol yaweza kumuua.

Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, kwani kinaweza kuwa na vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Usingojee dalili. Anayeokota wanyama kila siku afaa kuchanjwa mapema, lakini hata yeye akiumwa ni lazima arudi hospitali.

Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, kimefanya kazi hii tangu mwaka wa 1910, lakini makao yake makuu yako Karen, Nairobi. Kutoka Thika huko ni mbali kwa mtu aliyebeba mbwa anayevuja damu. Ndiyo maana naomba serikali ya kaunti ya Kiambu iwafikirie watu hawa inapopanga kampeni za chanjo, na kuhasi wanyama kuwe kwa bei nafuu.

Nawe msomaji, ikiwa una mbwa, mchanje kila mwaka na umfungie, maana wengi wanaozurura wana wenyewe. Kama huna nafasi ya kufuga, mnunulie jirani yako pakiti ya unga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na safari hii ufa wenyewe unapita mlangoni mwako ukitikisa mkia.