Mama Baada ya Kliniki

Hakuna wakati mwanamke wa kijijini Tanzania anapopimwa kwa makini kama akiwa mjamzito. Kila hudhurio la kliniki anafungwa mkanda wa presha, mkojo wake unachovywa kijiti kutazama protini, uzito unaandikwa kwenye kadi. Akichelewa, nesi anamgombeza. Akishajifungua mtoto wa mwisho mambo hayo yanakwisha. Mtoto ataendelea kupelekwa kwenye mizani mpaka afikishe miaka mitano. Mama, ambaye huenda ana miaka 38 wakati huo, anaweza kufika 55 bila mtu yeyote kumuuliza habari ya presha wala mkojo wake.

Toleo hili linahusu miaka hiyo iliyoachwa katikati, na ugonjwa unaopenda kuitumia: ugonjwa sugu wa figo. Hoja yetu ni moja. Vifaa vya kuugundua mapema tunavyo tayari, vipo kwenye zahanati zetu, na tunavifungia kabatini mwanamke akiacha kuzaa.

Figo zina akiba kubwa, na akiba hiyo ndiyo inayotuponza. Kila moja ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Kwa pamoja huchuja lita 180 hivi za maji ya damu kwa siku, kisha karibu yote hurudishwa mwilini, tukakojoa lita moja au mbili tu. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo huo na bado akalima, akatwanga, akaenda msibani. Dalili zinakuja kwa kuchelewa: uso kuvimba asubuhi, miguu kujaa, mwili kuwasha, kichefuchefu, pumzi kubana. Uchovu hutangulia, lakini kwa mwanamke anayeamkia shambani na kurudi na mzigo wa kuni, nani atauhesabu uchovu kuwa dalili? Hata yeye hauhesabu.

Mwaka 2018 Siku ya Figo Duniani iliangukia 8 Machi, siku ileile ya wanawake, na waandaaji wakautumia mwaka huo kusema jambo lililokuwa likisemwa kwa kunong'ona: wanawake wapatao milioni 195 duniani wanaishi na ugonjwa sugu wa figo, na karibu laki sita hufa kila mwaka kwa sababu yake. Tafiti nyingi huukuta kwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Ukiingia kwenye chumba cha kusafisha damu, hata hivyo, wengi waliolala kwenye viti ni wanaume. Na ukitazama wanaotoa figo wakiwa hai, wengi ni wanawake. Madaktari wanasema figo za mwanamke huelekea kudhoofika polepole zaidi, nasi tunakubali kwamba hiyo ni sehemu ya maelezo. Sehemu nyingine wasomaji wetu wanaijua bila kuambiwa na daktari. Baba akiugua, ng'ombe anauzwa wiki hiyohiyo. Mama akiugua, kwanza kinaitishwa kikao.

Kwa nini umri wa kati? Presha na kisukari, ndiyo, hayo yameandikwa sana na hatutayarudia hapa. Yapo mengine yanayomhusu yeye hasa. Aliyewahi kupata presha ya mimba iliyoambatana na protini kwenye mkojo, ile inayoweza kufikia kifafa cha mimba, huambiwa kwamba tatizo limekwisha akishajifungua. Halikwisha. Watafiti wa Norway waliofuatilia kumbukumbu za wanawake zaidi ya laki tano tangu 1967 walichapisha mwaka 2008 kwamba waliopatwa na hali hiyo katika mimba ya kwanza walikuwa na uwezekano zaidi ya mara nne wa figo zao kushindwa kabisa miaka ya baadaye. Bado ni wachache, lakini ni wachache tunaowajua kwa majina: wameandikwa kwenye daftari la kliniki. Hakuna anayelifungua daftari hilo tena miaka kumi baadaye.

Kuna vidonge pia. Jembe, maji na watoto mgongoni huacha kiuno na magoti yanayouma, na duka la dawa muhimu liko karibu kuliko zahanati. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kama chumvi, kwa vipande, bila kuulizwa presha. Zikinywewa siku mbili tatu na mtu mwenye afya huwa hazina neno. Zikinywewa kila siku kwa miaka, na mtu mwenye presha asiyoijua, juani na bila maji ya kutosha, zinaibana damu inayokwenda kwenye figo. Halafu kuna dawa za kienyeji za chango. Hatusemi kwamba kila mtishamba ni sumu, na wasomaji wa mjini wanaopenda kuwacheka wenzao wa kijijini wakumbuke Brussels: mwaka 1993 madaktari wa huko walieleza jinsi wanawake waliotumia mitishamba ya kupunguza unene, chini ya uangalizi wa kliniki, walivyopoteza figo zao. Ulikuwa mmea wa jamii ya Aristolochia. Swali la kuuliza juu ya dawa yoyote ni ina nini na inanywewa kiasi gani, awe anayeitoa amevaa koti jeupe au kaniki.

Tuongeze kichocho cha mkojo kwa wanaoishi kwenye maeneo yenye ugonjwa huo, na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ikichelewa kugunduliwa huziba mirija ya mkojo na kuua kwa njia ya figo. Cheti cha kifo kitaandika saratani.

Hapa ofisa mwenye takwimu atatusimamisha. Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa 2015 ulikuta ugonjwa huu kwa watu 7 katika kila 100, lakini mjini ulikuwa kama 15 na vijijini 2 tu. Basi kelele za nini? Hatuzipuuzi namba hizo. Mjini kuna unene na kisukari zaidi. Lakini kipimo cha kawaida, kreatinini katika damu, hutegemea misuli. Mwanamke mwembamba, asiyekula nyama mara nyingi, hutengeneza kreatinini kidogo, kwa hiyo jibu lake linaweza kuonekana zuri huku figo zikiwa zimechoka. Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi na Afrika Kusini kwa watu zaidi ya 2,500, ukachapishwa 2022, ulipima uchujaji wenyewe badala ya kuukisia, na ukaonyesha kwamba hesabu zinazotegemea kreatinini zinazifanya figo zionekane na nguvu kuliko zilivyo. Wagonjwa halisi walikuwa maradufu na zaidi. Ndiyo maana tunakipigania kijiti cha mkojo. Protini ikivuja, misuli haihusiki.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kumpima mtu usiyeweza kumtibu ni kumtesa. Tungekubali kama tiba pekee ingekuwa mashine. Kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na kwa mtu wa kijijini maana yake ni kuhamia kwa ndugu mjini mpaka ndugu achoke. Kupandikiza figo kulianza Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka uliofuata. Ni hatua ya kujivunia, lakini haitawafikia wengi. Tiba ya mapema ni kitu kingine. Ni kushusha presha, kupunguza chumvi, kuacha vidonge vya maumivu, na dawa za zamani kama enalapril na losartan zinazopunguza kuvuja kwa protini. Mashine inaweza isihitajike kabisa.

Tatizo ni nani analipa. Msamaha wa mjamzito umekwisha, na ule wa mzee wa miaka 60 asiye na uwezo haujafika. Mama wa miaka 47 yuko katikati, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itapimwa kwa watu kama yeye. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lake la kwanza kuhusu figo. Maazimio hayanunui vijiti.

Tunapendekeza pa kuanzia. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 tayari wanahimizwa kupima shingo ya kizazi; aliyekuja kwa hilo apimwe presha na mkojo hapohapo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wapewe mkanda wa presha na waende kwenye vikao vya VICOBA, kwa kuwa huko ndiko wanawake wa umri huu wanakokutana. Na kila aliyewahi kuandikwa presha ya mimba yenye protini, au kifafa cha mimba, aitwe kwa jina, kila mwaka.

Kwa madiwani wanaotusoma: kabla hamjapitisha bajeti ijayo, ulizeni zahanati ya kata yenu ina vijiti vingapi vya mkojo, na vingapi kati ya hivyo ni vya mwanamke asiye na mimba.