Mtazamaji Aliyebaki Hadi Mwisho

Juma hili safu yetu inatoka jikoni na kupanda gari. Tunazungumzia jambo ambalo aghalabu huzua ubishi katika nyumba za askari: je, yafaa jamaa yenye mapato madogo itumie fedha kwenda kutazama michezo ya mataifa, au hiyo ni anasa ya wenye nacho?

Ubishi huo niliukuta katika ua wa mzee mmoja, askari mstaafu, mjini Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Rumonge ni mji wa mawese na samaki, uliopo kiasi cha kilomita 75 kusini ya Bujumbura, na Kiswahili hakina ugeni huko, kwani biashara ya ziwani imewachanganya wenyeji na watu wa Kigoma, Uvira na Kalemie tangu zamani. Mkewe mzee huyo huuza mawese na kuanika ndagala. Wana watoto wanne, na kifungua mimba wao alifuata nyayo za baba yake, akaingia jeshini.

Mwaka 2017 Michezo ya Majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanyika Bujumbura. Michezo hii hukutanisha askari wa nchi jirani katika kandanda, mpira wa kikapu, mpira wa mikono, netiboli na mbio za nyika. Kijana akapeleka habari nyumbani kwamba amechaguliwa kukimbia. Mama akafurahi. Baba akanyamaza. Jioni, baada ya kula, ndipo maneno yalipoanza.

“Mama watoto,” akasema mzee, “fedha tulizoweka ni za mabati ya jiko. Mvua hazimngoji mtu. Isitoshe, mtoto huyu alipelekwa jeshini kulinda nchi, hakupelekwa kukimbia vichakani.”

“Mzee wangu,” akajibu mkewe kwa upole, “mabati nayajua, maana maji yanadondoka kichwani mwangu, si mwako. Lakini mabati yako dukani mwaka huu na mwaka ujao. Mwanao atakimbia mara moja.”

Hapo, ndugu msomaji, kila mmoja alikuwa na haki yake. Tusiharakishe kumpa ushindi mama kwa sababu tu maneno yake ni matamu. Nyumba inayovuja ni jambo zito, na mzee aliyetunza fedha kwa miaka mingi hastahili kuitwa bahili. Lakini mzee naye alikuwa na jambo lililomkaa moyoni, nalo halikuhusu mabati. Tangu kijana aanze kushughulika na michezo kambini, baba na mwana walikuwa wakisalimiana tu, hawazungumzi.

Mama ndiye aliyekumbusha habari ya mwaka 1996. Mwaka huo Burundi ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Atlanta, Marekani. Hali ya nchi ilikuwa nzito: vita vilikuwa vimeanza mwaka 1993, tarehe 25 Julai 1996, michezo ikiwa imekwisha anza, serikali ilipinduliwa, na tarehe 31 Julai nchi jirani zilikubaliana kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Siku tatu baadaye, tarehe 3 Agosti, kijana mmoja aitwaye Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo katika nchi ya Makamba, kusini ya Rumonge, alishinda mbio za meta 5,000. Alimtangulia Paul Bitok wa Kenya kwa muda usiotosha hata kutamka neno moja: dakika 13 sekunde 7.96 dhidi ya dakika 13 sekunde 8.16. Wakati juma hili tunaandika, hiyo ndiyo nishani pekee ya dhahabu ya Olimpiki ambayo Burundi imepata kujivunia.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba mbio hizo za meta 5,000 hazikuwa zake za asili. Yeye alisifika katika meta 1,500. Nafasi yake katika mbio hizo alimwachia mwenzake, Dieudonné Kwizera, mkimbiaji aliyemzidi umri, ambaye miaka ya nyuma alikosa Olimpiki kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya taifa ya Olimpiki iliyotambuliwa. Kwizera hakuvuka hatua za mwanzo. Lakini alikimbia. Niyongabo naye, kwa kutoa chake, akapata kikubwa kuliko alichotoa.

“Siku ile,” mama akamwambia mumewe, “tulisikia kwa redio. Tulilia kwa furaha, lakini hatukuona kitu. Atlanta ilikuwa mbali nasi kama mwezi. Leo michezo imekuja Bujumbura, mwendo wa gari la asubuhi, na wewe wataka tena kusikia kwa redio?”

Mzee hakujibu. Kesho yake asubuhi alitoa suruali yake nzuri sandukuni akaomba ipigwe pasi. Mama akaelewa.

Sasa tazameni busara ya mwanamke huyu katika kupanga safari. Hakuchukua fedha zote za mabati, alichukua sehemu. Alichagua siku zinazoangukia mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa ndagala hutumia taa kuwavuta samaki, na mwezi unapong’aa sana taa hazifai kitu. Mitumbwi hupumzika, na mwanikaji naye hupumzika. Hivyo hakupoteza siku ya kazi. Alifunga chakula cha njiani: ugali wa muhogo, mukeke wa kukaanga na maji ya kuchemshwa. Malazi aliyaomba kwa shemeji yake Bujumbura, naye hakwenda mikono mitupu, alimpelekea chupa mbili za mawese.

Wakasafiri, ziwa likiwa kushoto kwao na milima ya Kongo ikionekana ng’ambo. Wakapita Magara na Kabezi, wakapita Mugere penye jiwe la kumbukumbu la Livingstone na Stanley, waliofika hapo mwaka 1871. Mtoto mdogo akauliza kama hao nao walikuwa wakimbiaji. Baba akacheka kwa mara ya kwanza katika juma hilo.

Siku ya mbio watu walikuwa wengi. Wa kwanza walipopita, vigelegele vikapaa. Wakapita wa pili, wa tatu, wa kumi. Kijana wao haonekani. Baada ya kitambo watazamaji wakaanza kuondoka, wengine wakiwahi magari. Shemeji akasema, “Twendeni jamani, tutamwona nyumbani.” Mzee akakataa. Alisimama wima pale pale, mikono nyuma, kama askari aliye kwenye lindo.

Kijana akatokea, miongoni mwa wa mwisho kabisa, akichechemea. Alikuwa ameumia kifundo cha mguu. Hakuna aliyepiga kelele isipokuwa mama yake na wadogo zake. Baba hakupiga kelele. Alivua kofia. Kijana alipoinua macho akamwona baba yake amesimama peke yake ukingoni mwa njia, kofia mkononi, akakaza mwendo hadi mwisho.

Nilipomwuliza mzee kwa nini hakuondoka na wengine, alinijibu kwa maneno machache: “Kama ningebaki Rumonge, ningeambiwa tu kwamba alikuwa wa mwisho.”

Ndugu wasomaji, maneno hayo yanatukumbusha tukio ambalo kila jamaa ya Afrika Mashariki inafaa kulijua. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za marathoni za Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani akaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha shinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia na uwanja ukiwa karibu umekwisha kuwa mtupu, Akhwari aliingia akiwa amefungwa bendeji mguuni, akamaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Dunia inamsifu hadi leo. Lakini ni nani waliomwona kwa macho? Ni wale wachache ambao hawakuwahi kuondoka.

Yapo pia mashindano yaliyotuonyesha thamani ya mtazamaji kwa kumkosa. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 baada ya kuahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, iliendeshwa karibu yote bila watazamaji. Francine Niyonsaba wa Burundi, aliyepata nishani ya fedha ya meta 800 huko Rio de Janeiro mwaka 2016, alikimbia Tokyo meta 10,000 akawa wa tano duniani mbele ya viti vitupu. Basi asikudanganyeni mtu kwamba mtazamaji ni mzigo wa uwanja. Mchezaji huleta nguvu, mtazamaji huleta ushahidi.

Hata hivyo, mtazamaji ana wajibu, na sisi wa jamaa za askari na polisi tunao zaidi ya wengine. Usiku wa tarehe 27 Julai 1996, huko huko Atlanta, bomu lililipuka katika bustani iliyojaa watu waliokuja kwa ajili ya michezo. Mlinzi mmoja aliona mfuko usio na mwenyewe, akatoa taarifa, na watu wakaanza kuondolewa kabla haujalipuka. Mtu aliuawa na zaidi ya mia moja walijeruhiwa, lakini wengi waliokoka. Mlinzi huyo baadaye alishukiwa bure, kisha akasafishwa jina. Hapo pana mafunzo mawili: ukiona kitu kisicho na mwenyewe usikiguse, mwambie mlinzi, na usikimbilie kumtuhumu mtu kabla ya ushahidi.

Kwa wale wanaokusudia kwenda kutazama michezo, iwe ya majeshi, ya polisi, ya shule au ya bara zima, nawapa nasaha hizi:

Kwanza, wekeni fedha za safari mbali na fedha za chakula, karo na matibabu. Safari isiyoweza kulipiwa bila deni iahirishwe. Michezo itarudi, heshima ya nyumba ikipotea kwa madeni hurudi kwa shida.

Pili, ikiwa mnavuka mpaka, ulizeni mapema ofisi ya uhamiaji hati gani zinatakiwa kwa kila mtu, watoto wakiwemo, na kama njia iko wazi. Chukueni pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Tatu, ulizeni kama kiingilio ni bure au ni kwa tiketi. Kama ni kwa tiketi, nunueni kwa waandaaji wenyewe, si kwa walanguzi wa mlangoni. Siku hizi tiketi nyingi huingia katika simu. Basi simu isiwe imezimika mnapofika langoni.

Nne, watoto waandikiwe namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi iwekwe mfukoni, na mchague mahali pa kukutania endapo mtapotezana.

Tano, mshangilieni wa kwenu bila kumtukana mgeni. Askari wa nchi jirani anayekimbia leo mbele yenu huenda kesho akawa bega kwa bega na mwanao katika kazi ya kulinda amani. Wimbo wa taifa la mgeni ukipigwa, simameni kimya kama mnavyosimama kwa wenu.

Sita, ikiwa nafasi inaruhusu, msiondoke kabla ya wa mwisho. Kila wa mwisho ana mama yake.

Pengine mtauliza habari za mabati. Yalichelewa. Mvua za mwaka huo zilimkuta mama jikoni na sufuria tatu zikikinga maji sakafuni, na mzee hakuthubutu kumkumbusha nani alisema nini. Mwaka uliofuata kijana alipokuja likizo, yeye na baba yake walipanda juu ya jiko pamoja wakapigilia mabati mapya. Mama alisimama chini akiwapa misumari. Anasema walizungumza huko juu tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kwamba kazi ya saa mbili iliwachukua saa tano.

Yule aliye na mchezaji nyumbani, na ajipime uwezo wake, ajipange, kisha aende. Asiye na uwezo, na afungue redio, naye amsubiri wa mwisho kutajwa.

Hadi juma lijalo, nawatakieni amani nyumbani na makambini.