Barua ya wazi: Wazee wa Pumwani waliokuja mmoja mmoja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani,

Ninakuandikia kwa ajili ya wazee wa Pumwani wasio na kitambulisho, na zaidi kwa ajili ya watoto wao, wanaowatunza huku wakiogopa kuwaombea haki.

Jirani yangu ni fundi wa cherehani katika soko la Gikomba. Mama yake aliletwa Nairobi akiwa msichana kutoka Ujiji, Tanganyika, kabla ya Uhuru, akafikia kwa shangazi yake hapa Majengo, Pumwani, na hakuondoka tena. Sasa amepita miaka 80. Pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi za wazee wa miaka 70 na zaidi, hazimfikii, maana asiye na kitambulisho haandikwi. SHA, mamlaka ya afya ya jamii, nayo inaanza kwa kuuliza nambari ya kitambulisho hicho. Hata laini ya simu anayotumia bibi imesajiliwa kwa jina la binti yake, huyo jirani yangu. Dawa za presha, kodi ya chumba, uji wa asubuhi, vyote vinatoka kwenye cherehani moja.

Utauliza kwa nini binti haendi kumwombea. Anaogopa. Yeye alipata kitambulisho zamani kwa karatasi za marehemu baba yake. Baba huyo alimwoa mama kwa nikaha ya mtaani. Cheti hakipo na mashahidi wote wamekufa. Binti alipojaribu kuuliza katika ofisi moja, aliyekuwa mezani alimgeuzia swali: kama mama si raia, wewe chako ulikipataje? Alikunja karatasi zake akarudi nyumbani. Mwanawe anatimiza miaka 18 mwaka huu, na akienda kuomba kitambulisho atatakiwa apeleke nakala za vitambulisho vya wazazi. Binti anaona kwamba akilichokoza jambo la bibi, litawakumba wote: matibabu ya watoto, masomo ya kijana, kibanda chake cha Gikomba. Basi ananyamaza, na mimi simlaumu.

Mheshimiwa, wazee hawa si wageni wa jana. Serikali ya kikoloni ilipoitenga Pumwani miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika, waliojenga hapa walikuwa watu wa kila upande: Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi na Waganda, bega kwa bega na Wakikuyu, Wakamba na Wadigo. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Wakaoana, wakazikana, na watoto wao wakazaliwa Pumwani Maternity.

Jamii nyingine zilizokosa uraia zimeshasikilizwa: Wamakonde waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016, na miezi michache baadaye wakapewa vitambulisho. Washona wakafuata 2021, Wapemba 2023. Tulifurahi pamoja nao. Lakini wazee wa Pumwani walikuja mmoja mmoja, huyu kutoka Ujiji, yule Bukoba, mwingine Kampala. Hawana kabila moja la kutangazwa katika Gazeti la Serikali, wala miguu ya kuandamana hawana.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kiliwafungulia mlango watu wasio na uraia wa kwingine waliokaa Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963. Sharti mojawapo lilikuwa kujua Kiswahili au lugha ya kienyeji, na yule bibi, mama wa jirani yangu, anajua Kiswahili tu. Mlango huo uliwekewa miaka 5, ukaongezewa 3, ukafungwa 2019. Yeye hakujua kamwe kwamba ulikuwa wazi. Ibara ya 57 ya Katiba inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali pia. Familia inafanya yake kila siku.

Ninaomba upeleke Bungeni marekebisho ya kuufungua tena mlango huo, safari hii kwa mtu mmoja mmoja, bila kungoja kabila. Ninaomba pia utoe agizo la maandishi kwamba mtoto anayejitokeza kumtolea mzazi wake ushahidi hataguswa kitambulisho chake kwa sababu hiyo. Bila agizo hilo hakuna atakayejitokeza. Na maofisa waje huku huku Pumwani, wawasikilize wazee wa mtaa na maimamu wanaowajua watu hawa kwa majina, kwa sababu wengi wao hawawezi tena kupanda matatu.

Mkazi wa Majengo, Pumwani