Karata za Binti na Swali la Mama



Juma lililopita dada yetu mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana mfuko, na ndani ya mfuko mna makasha manane ya karata. Ni mali ya bintiye, mwanafunzi wa uchoraji, aliyeyanunua moja moja kwa akiba yake. Ni karata za taroti, zile ambazo watu huzitandaza mezani wakidai kusoma ya kesho. Binti ameapa kuwa hajapata kuziuliza lolote. Anachokipenda ni picha. Makasha mengine yamechorwa na wasanii wengi, kila mmoja karata yake, hata ukizipanga mkekani ni kama maonyesho ya sanaa. Mama alitaka jawabu moja tu: azichome moto au aziache?

Tuliona kwanza tujue kitu chenyewe kimetoka wapi.

Katika jumba la Topkapi, Istanbul, zimehifadhiwa karata za zama za Wamamluki wa Misri, zenye nakshi na maandishi ya Kiarabu, pasi na sura ya mtu. Mafungu yake ni manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo; na juu yake yuko mfalme na naibu wake. Karata zilipofika Italia katika karne ya 14 ziliitwa "naibi", na wataalamu wengi wanaona asili yake ni neno lile lile lililotupa sisi "naibu". Nasi, tunaposema kopa, uru, shupaza na pau, twatamka Kireno cha vikombe, dhahabu, panga na fimbo.

Taroti ilizaliwa Italia ya kaskazini katika karne ya 15, kwa kuongeza karata 22 za picha, nyingi zikiwa turufu, hata jumla ikawa 78. Ulikuwa mchezo. Watawala wa Milan, wa koo za Visconti na Sforza, walichorewa karata zao kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu. 35 katika hizo leo ziko Morgan Library, New York, na 26 ziko Accademia Carrara, Bergamo. Kiasi cha miaka 300 ilipita kabla ya Mfaransa Antoine Court de Gébelin kudai, mwaka 1781, kwamba picha hizo ni elimu ya siri ya makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Wala maandishi ya Misri ya kale hayakuwa yamefumbuliwa hadi mwaka 1822. Juu ya dai hilo ikajengwa biashara ya kuagua.

Mwaka 1909, huko London, mama mmoja msanii, Pamela Colman Smith, alichora karata zinazoigwa zaidi hadi leo, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Alilipwa kidogo, na mwaka 1951 alifariki akiwa na madeni. Dunia inaziuliza karata zake habari za mali na bahati, na mwenye kuzichora hazikumfaa kitu.

Basi tukamwambia dada yetu: bintiyo hakusema uongo. Uzuri wa picha hizi ni wa kweli, na uaguzi ulibandikwa baadaye. Lakini ulibandikwa, na kwetu jambo hilo si mzaha. Katika Surat Al-Maida, aya ya 90, mishale ya kupigia ramli imetajwa pamoja na ulevi na kamari, na Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Kwa hiyo karata hizo zisitandazwe kwa kuulizwa, hata kwa kucheka na mashoga. Ama hukumu ya kuziweka nyumbani na picha zake, hilo ni la sheikh wako. Safu hii haitoi fatwa.

Kisha tukamuuliza: "Na wewe, dada, hujapata kwenda kutazamiwa?"

Alinyamaza kitambo. Akasema, kwa sauti ya chini, kuwa mwaka jana, posa ya bintiye wa kwanza ilipochelewa, alikwenda kupigiwa bao. Na huyu mdogo ndiye aliyefuatana naye njiani.

Wasomaji wetu, hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Twaogopa ramli ya karatasi ya Kizungu iliyomo sandukuni mwa mtoto, na ile ya mchanga na kitabu twaiita dawa. Mtoto ameona yote mawili. Tukimchomea picha zake kabla ya kutubia safari zetu, atajifunza kuficha sanduku, wala hatajifunza tawhidi.

Dada yetu alirejea na mfuko wake kama alivyokuja nao. Alituambia kuwa usiku huo, baada ya Isha, ataketi na bintiye, na maneno ya kwanza yatakuwa juu ya nafsi yake. Ya karata yatafuata. Twamuombea Mwenyezi Mungu amfungue ulimi.

Wabillahi tawfiq.