Mchoraji wa Jalada Naye Ameimba

"Kizuri chajiuza." Ndilo jibu ninalopewa na wanamuziki wetu kila ninapowauliza ni nani aliyewachorea jalada la albamu. Hawamkumbuki! Studio wanaitaja, mtayarishaji wanamtaja, hata fundi aliyewashonea nguo za video wanamshukuru. Mchoraji kapewa ujira kiduchu, kaondoka, na jina lake limeondoka naye. Huku ni kumdhulumu mtu jasho lake, na nimechoka kunyamaza.

Ishike mkononi Alagbon Close ya Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, santuri ya mwaka 1974, jalada la inchi 12. Fela anacheza kwa ushindi, mnyororo uliokatika ungali unaning'inia mkononi. Upande mmoja ni jela ya Alagbon, kule Lagos, imebomoka. Upande wa pili nyumba yake, Kalakuta, imesimama imara kama mwamba. Na majini nyangumi anaipindua boti ya polisi. Aliyechora haya yote ni Lemi Ghariokwu, kijana ambaye hata miaka 20 hakuwa ameitimiza.

Fela aliimba kwa Kiingereza cha mitaani cha Nigeria. Mtu wa Tanga au Mombasa akiusikia wimbo mara ya kwanza, maneno mengi yatampita. Mnyororo ule haumpiti. Serikali inayofunga watu anaijua, na boti ile ikipinduka anafurahi kabla saksafoni haijalia.

Kama kizuri kingejiuza, Fela angeziuza santuri zake kwenye bahasha tupu, maana Lagos nzima ilimjua. Lakini alimrudia kijana yule tena na tena, mpaka majalada yakafika 26.

Sasa naambiwa enzi hizo zimepita, jalada siku hizi ni picha ya ukubwa wa ukucha kwenye simu. Stempu nayo ni ndogo, mbona huchorwa na mabingwa? Udogo unadai mkono hodari zaidi, nawe mwanamuziki unabandika picha uliyojipiga kitandani na jina lako kwa herufi za dhahabu!

Albamu ijayo, mpelekee mchoraji nyimbo zote, azisikilize wiki nzima ndipo ashike kalamu. Mlipe kabla hujamlipa mshereheshaji wa uzinduzi. Na jina lake liandikwe palepale penye jina la mpiga gitaa, kwa herufi zinazosomeka.