Turudishieni Dawa Yetu

Uko wizi wa mali na uko wizi wa maneno. Mwizi wa mali hukimbizwa kwa mayowe mpaka akakamatwa. Mwizi wa maneno huingia mchana kweupe, akakaribishwa, akapewa kiti, na siku mwenye nyumba anapozinduka hukuta mgeni ndiye apokeaye wageni. Neno ninalotaka kulizungumza leo ni neno dawa.

Sisi watu wa pwani neno hili tulilipokea kutoka lugha ya Kiarabu, tukaishi nalo mpaka likawa letu. Mtoto akikohoa hutafutiwa dawa. Mzee akiumwa na goti huchuliwa kwa dawa. Hata jeuri ina dawa yake, na dawa ya moto ni moto. Popote lilipotumika, neno hili lilichukua maana ya kitu kiondoacho taabu. Lakini ingia leo katika hoteli nyingi za watalii hapa Kenya, kuanzia Diani mpaka Nairobi, uitishe dawa, na utaletewa gilasi yenye vodka.

Yafaa tukieleze kinywaji chenyewe, kwani mtu hawezi kulipinga jambo asilolijua. Ndimu hukatwa vipande, hutiwa katika gilasi pamoja na sukari, hupondwa kidogo, hujazwa barafu iliyovunjwavunjwa, kisha humiminiwa vodka. Mwisho huchovywa kijiti katika asali nzito, na mnywaji hukoroga kwa kijiti hicho. Waliokipa sifa ni mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980. Asili yake hasa ni Brazil, kwenye kileo kiitwacho caipirinha, yaani ndimu, sukari na pombe kali ya miwa. Huku kwetu pombe ya miwa iliondolewa ikatiwa vodka, kikaongezwa kijiti cha asali, na kinywaji kikabandikwa jina letu. Mzaha wake waeleweka: mnywaji hujifanya mgonjwa, na amhudumiaye huitwa daktari.

Mimi si mtu wa kuchungulia gilasi ya mwenzangu. Kenya ni nchi ya watu wengi na dini nyingi, na asiyekuwa Mwislamu hakalifishwi na sheria yangu. Kileo ni chao, wanywe. Ugomvi wangu ni juu ya jina.

Ubaya wa jambo hili sikuuonea pwani, bali Meru. Wengi wetu Meru twaijua kwa miraa tu, kana kwamba nchi ile haioti kitu kingine. Mji wenyewe uko katika miteremko ya kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, na ingawa mstari wa Ikweta wapita karibu, baridi ya Julai humfanya mtu wa Mombasa aulize duka la makoti. Huko, kama ilivyo katika mikahawa mingi ya bara, dawa ni jina la kinywaji cha moto cha tangawizi, limau na asali. Mwenye mafua huiitisha kama aitishavyo chai, na hapana ashangaaye. Basi nami niliketi katika hoteli moja nikaagiza dawa. Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, akaniuliza, "Mzee, unataka dawa ya moto ama ya baridi?" Nikataka kujua tofauti. Akaitazama kofia yangu, akapunguza sauti: "Hiyo ya baridi iko na vodka, mzee."

Mungu amjazi kheri kijana yule. Lakini lililomzindua ni kofia. Je, asiyevaa kofia? Watoto wetu siku hizi husoma na kufanya kazi kote bara, Meru ikiwamo. Mmoja wao ametoka safari, ana kiu, asoma katika orodha ya vinywaji: dawa ya baridi, ndimu na asali. Atashuku nini? Ndimu na asali ndivyo alivyopewa na nyanya yake tangu utotoni. Na jina ni lilelile.

Wala ulimi hautamsaidia. Vodka ni spiriti iliyosafishwa mpaka imebaki kileo na maji, kileo chenyewe kikiwa kiasi cha asilimia 40. Haina rangi, na ladha yake ni ndogo. Bia hujitangaza kwa harufu kabla haijafika mdomoni. Vodka iliyozamishwa katika ndimu, sukari na asali hunyamaza kimya. Ndiyo sababu ikachaguliwa kwa michanganyiko ya namna hii. Kitu kilichofichika katika ladha, kisha kikafichika katika jina pia, chamwacha mtu na nini cha kujikinga?

Ajabu ni kwamba suala hili la jina lilikwisha kujibiwa zamani. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba sahaba Tariq bin Suwayd alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya ulevi, naye akamkataza. Tariq akasema kuwa yeye huutengeneza kwa ajili ya dawa. Mtume akamjibu kwamba huo si dawa bali ni ugonjwa. Kwa Kiarabu maneno hayo mawili ni jamaa wa karibu kwa sauti: dawaa ni dawa, na daa ni ugonjwa. Aliyekaa chuoni akatambua herufi zake ataona kwamba kilichoyatenga ni herufi moja tu, wau. Jina letu lasimama juu ya herufi hiyo moja, nasi tumekaa twatazama ikifutwa.

Na tukumbuke Sura ya Nahl, Sura ya Nyuki, ambayo ni ya 16. Katika aya ya 67 yatajwa matunda ya mitende na mizabibu, na kwamba watu hupata humo ulevi na pia riziki njema. Aya mbili mbele, ya 69, ndipo itajwapo asali, na kwamba ndani yake mna ponyo kwa watu. Vitu hivyo viwili vimewekwa karibu, lakini havikuchanganywa. Gilasi ya hotelini imevichanganya, na ikachukua sifa ya asali ikaupa ulevi.

Watakuwapo wasemao, "Ewe mzee, huo ni mzaha wa jina, nani aaminiye kweli kuwa pombe hutibu?" Laiti ingekuwa hivyo. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi, alitangaza kwamba vifurushi vya chakula kwa maskini vingetiwa chupa ndogo za Hennessy, ati kwa kusafisha koo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema kwamba kunywa pombe hakumkingi mtu na ugonjwa ule, na wenye Hennessy wenyewe walilazimika kutoa taarifa kuwa kinywaji chao hakina kinga hiyo. Mzaha ukirudiwa miaka 40 huanza kusadikiwa, hata na mwenye ofisi.

Tena kinywaji hiki sasa hakikukaa hotelini. Watu hukitengeneza majumbani mwao, na asiyeweza kununua chupa ya bei hununua ya rahisi. Mwezi Mei 2014, katika Embu, jirani ya Meru, na vilevile Kitui, Makueni na Kiambu, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyoingiwa na methanoli. Methanoli ikifika mwilini hugeuka kuwa asidi iharibuyo mshipa wa jicho, na kwa ulimi mtu hawezi kuitenga na kileo cha kawaida. Simaanishi kwamba gilasi ya hoteli ya kitalii ina sumu hiyo. Nasema kwamba neno dawa halifai kuwa pazia la chupa asiyojua mtu ilikotoka.

Wameru wenyewe wana la kutufunza hapa. Tangu kale walikuwa na pombe ya asali, lakini ilikuwa kinywaji cha wazee na cha shughuli zenye heshima. Vijana hawakuachiwa wainywe wapendavyo. Kila mtu alijua ni pombe, na iliitwa pombe. Asali nayo ilibaki asali, hata ikaingia katika mahari ya Kimeru. Ukishuka kutoka mlimani kwenda nchi kavu za Tharaka utaiona mizinga ya magogo imetundikwa mitini, na asali itokayo humo ni nyeusi kidogo, nzito, yenye harufu ya maua ya porini. Nyuki wa Tharaka na ndimu za pwani wakikutana, sioni kilichopungua hata tukahitaji chupa ya mgeni.

Basi na tuitengeneze dawa yetu majumbani, tena tuitengeneze vizuri, kwani kinywaji kibaya hakirudishi jina jema. Kwa gilasi moja twaa ndimu moja yenye maji. Ikate ncha zote mbili, uondoe ule weupe wa katikati, kwani ndio uletao uchungu, kisha uikate vipande vinane. Vitie katika gilasi nene na vijiko viwili vya chai vya sukari, uviponde taratibu kwa mchi mdogo. Usiponde kwa hasira. Maganda yakisagika, uchungu hutoka. Ponda tangawizi mbichi kiasi cha ncha ya kidole, uikamue, utie maji yake. Hii tangawizi ndiyo siri, kwa sababu kinachosifiwa katika vodka ni ule ukali ushukao kooni, na tangawizi hufanya kazi hiyo bila kumtoa mtu akili. Jaza barafu iliyovunjwa, mimina maji baridi au maji ya soda yasiyo sukari, na ukipenda tia jani la mnanaa.

Asali usiitie kwanza, maana barafu huigandisha ikakaa chini kama gundi. Izungushie kijiti, umpe mnywaji akoroge mwenyewe kwa kadiri apendavyo. Hilo la kijiti ni wazo zuri, na wazo zuri halina haramu. Wakati wa baridi, badala ya barafu tumia maji ya moto, lakini yaache yatulie kidogo ndipo utie asali. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Hivyo ndivyo madaktari wasemavyo, kwani yaweza kumdhuru.

Kwa wenye hoteli nina ombi dogo. Tumeanza kuona orodha zilizoandikwa "dawa isiyo na kileo", kana kwamba dawa ya asili ni ile ya vodka na yetu ni iliyopunguzwa kitu. Mambo yamepinduliwa. Isiyo na kileo ndiyo dawa, haihitaji maelezo. Ile nyingine ndiyo iandikwe wazi kuwa ina vodka, kwa herufi zisomekazo, na mhudumu aseme kabla hajaulizwa, kama alivyofanya kijana wa Meru. Hapatapungua mteja hata mmoja kwa kuambiwa kweli.

Na kwetu sisi nina ombi kubwa zaidi. Tazameni harusi zetu, maulidi yetu na meza zetu za futari: kreti za soda za chupa zimepangwa ukutani, na ndimu zaoza sokoni. Mtume alipenda tamu na asali, nasi twawapa wageni wetu rangi na gesi. Neno halilindwi kwa kulalamika magazetini, hata kwa kalamu yangu. Hulindwa kwa kutumiwa na wenyewe. Mgeni akija nyumbani kwako, Mwislamu au asiye Mwislamu, mwambie, "Karibu, ngoja nikupe dawa," umpe ndimu, tangawizi na asali. Akishaizoea kwako, hata akifika Meru au Nairobi, atajua dawa ni ipi na vodka ni ipi.

Wabillahi tawfiq.